Noti ya Juu Yagoma, Fundi Asaka Transista

Mlango wa karakana umefungwa kwa ndani, na anayebisha asubuhi hii habishi kistaarabu.

"Dada, fungua! Onyesho ni leo jioni!"

Huyo ni mpiga kinanda. Aliye ndani, pasi ya kulehemu mkononi, ni dada yake, fundi ambaye mtaa mzima unamwita Mama Nyaya.

Mezani kimelala kinanda cha umeme walichoachiwa na marehemu baba yao, matumbo nje. Noti za chini zinaunguruma vizuri. Ukipanda juu, sauti inalegea.

"Humu kuna kapasita inayojaa umeme," Mama Nyaya anamweleza mwandishi wa makala haya. "Ikijaa, transista inaumwaga wote ghafla, kisha kapasita inaanza kujaa upya, mamia ya mara kwa sekunde. Hiyo ndiyo sauti yenyewe. Transista ikiwa nzito, noti ya juu inachelewa, kama mtu anayeimba huku anapiga miayo."

Transista ya asili iliungua, na siku hizi hazitengenezwi. Ya kwanza aliyoijaribu ilikuwa nzito. Ya pili iliumwaga umeme chapuchapu, lakini iliuvujisha hata ilipozimwa, noti za chini zikayumba.

Anafungua mlango. Mdogo wake anatupia jicho mezani, uso unamshuka.

"Basi niazime kingine."

"Ukiazima, cha baba kinarudi kabatini. Hakitoki tena, nakujua."

Mama Nyaya anavuta redio mbovu, anachomoa transista ndogo kama punje ya mchele. Anaipima ikiwa imezimwa: mshale wa mita hausogei hata kidogo. Haivuji! Anailehemu.

"Piga."

Mdogo wake anaanzia chini, anapanda polepole. Noti ya mwisho inatoka kali, imenyooka. Anaibonyeza tena, haamini.

"Dada! Imefika!"

Wanakumbatiana, wanaruka, skrubu zinamwagika sakafuni. Fundi cherehani wa jirani anachungulia.

"Vipi, mmeshinda bahati nasibu?"

"Tumeshinda transista!"

Kinanda kinafungwa, kinabebwa mbio. Mama Nyaya hapumziki. Anaivuta tena ile redio, anachomoa transista zilizobaki, anazipima mojamoja huku akicheka peke yake.

"Nilikuwa nafufua vinanda vya wengine tu," anasema. "Sasa naunda changu, kuanzia waya wa kwanza. Na kitaimba hadi juu kabisa."