Ndoo ya Asali kwa Pawasaplai

Mwaka 2002 treni ya abiria ilikuwa ikisimama Itigi dakika ishirini. Katika dakika hizo Eliana, mpiga picha za video za harusi, alitakiwa achague vifaa viwili vya kompyuta bila kukosea.

Juma lililotangulia umeme ulipanda ghafla. Pawasaplai, kile kisanduku kinachoigawia kompyuta umeme, ililipuka ikaondoka na kadi ya picha, ile inayopeleka picha kwenye kioo. Diski ilipona. Ndani yake ilikuwamo video ya harusi ya Luciana wa Misigiri, na mama yake Luciana akicheza, siku tisa kabla hajafariki. Luciana aliitaka kwa arobaini ya mama, na mkanda wenyewe Eliana alikwisha kuurekodia harusi nyingine. Pawasaplai mbovu ya pili ingeichukua na diski.

Damiani, mchuuzi aliyesafiri kwa reli hii na chochote kilichofika Kariakoo tangu biashara iachiwe huru, alimsubiri mlangoni mwa behewa. Walikuwa wamepatana kubadilishana vifaa kwa ndoo ya asali.

“Shikamoo, mzee.”

“Marahaba, binti. Ndoo hiyo?”

Damiani alichomeka kijiti kwenye asali mpaka chini, akakiinua polepole, akalamba. “Watu wa huku mnajua kuchemsha sukari.”

“Sisi tuna nyuki, mzee. Sukari chemsheni ninyi wa Dar.”

Damiani akapanga vitu vyake. Kadi kubwa yenye feni, na pawasaplai ya wati mia nne. Kadi ndogo, na pawasaplai ya wati mia mbili na hamsini. Kadi zote mbili zilikuwa na tundu la kurudishia picha kwenye mkanda, ila kubwa ingefanya kazi bila kukwama. Eliana aliitamani. Akaipima mkononi ile ya mia nne: nzito. Uzito ukamtia shaka. Ndoo yenye jiwe chini nayo ni nzito.

Akatoa bisibisi.

“Ukifungua, umenunua,” Damiani akasema.

“Wewe umechokoa ndoo yangu mpaka chini. Nimekwambia umenunua?”

Abiria dirishani wakacheka. Honi ikalia. Skrubu nne zikatoka. Ndani mlikuwa na nyaya chache, na kipande cha chuma kilichogandishwa kwa gundi.

Damiani akakigonga kwa ukucha. “Nami niliuziwa hivi hivi.”

Eliana alikwisha kuifungua ya pili. Humo shaba ilikuwa imesongamana.

“Na kadi kubwa?” Damiani akauliza.

“Pawasaplai hii haiwezi kuilisha. Nipe ndogo.”

Akasukuma ndoo ndani, akavipokea vifaa behewa likiwa linatembea.

Nyumbani akavifunga vifaa kwenye kompyuta, akawasha. Kioo kikabaki cheusi. Akahesabu mpaka thelathini, mkono kwenye swichi ya ukutani. Ndipo kikawaka. Akaifungua ile harusi, na mama yake Luciana akatokea, akicheza kwa kukatikakatika, mkono ukikwama hewani huku vigelegele vikimtangulia.

Ingekuwa nakala mbaya, lakini ingekuwapo. Eliana hakuthubutu kuzima ili ajaribu tena. Aliingiza mkanda mpya kwenye kamera, akabonyeza kurekodi, akasimama kando ya soketi mpaka yule mama alipomaliza kucheza.