Kikao cha Kwenda Kuwaona Samaki

Pale Igogo, ukisikia harusi imeenda vizuri, jua Modesta alikuwa katibu wa kamati. Kipaimara ni yeye, msiba ni yeye, hata kuaga mwalimu anayehama ni yeye. Kazi yake ni kushona, ana cherehani zake Mkuyuni, lakini kipaji chake ni kupanga. Mwenyewe husema Mungu alipokuwa akigawa aibu, yeye alikuwa kikaoni. Majirani hawambishii.

Basi safari ya familia yake mwenyewe ingemshinda vipi? Jumapili baada ya misa alimkalisha mumewe Nkwabi, fundi wa kuchomelea mageti, pamoja na watoto, akafungua kikao. Ajenda ilikuwa moja: kwenda kisiwani kwenye bustani ya wanyama. Watoto walitaka simba. Modesta alitaka matangi ya samaki, kwa ajili ya mama yake, Getruda, anayeishi Misungwi. Mama huyo amepika sato maisha yake yote, wala hajawahi kumwona hata mmoja akiogelea. Na sasa presha ya macho ilikuwa inamla kidogo kidogo. Daktari alishasema kinachopotea hakirudi. Lazima aone mapema.

Alimpigia, akaiweka simu mezani kwa sauti kubwa ili watoto wamwamkie.

"Shikamoo bibi!"

"Marahaba wajukuu zangu."

Mama alikubali safari papo hapo, akauliza kama samaki hao wanauzwa. Kisha akasema, "Ngojeni, mbuzi wameingia kwenye mahindi." Kukawa kimya. Modesta akadhani simu imekatika, akaendelea na kikao.

"Imepita. Chakula ni wali na kuku, chipsi hakuna. Boti ni moja, tunapanda wote."

Nkwabi akajikuna kichwa. Kwa Wasukuma waliomlea, mtu hachangamani na mama mkwe. Akimwona njiani anampisha. Tangu aoe hajala naye, wala hawajawahi kutazamana usoni. Modesta alijua yote hayo, ila aliyahesabu miongoni mwa mambo ya zamani yanayokwisha kwa kikao kizuri.

"Mimi nitabaki," Nkwabi alisema.

"We baba Selina, dunia imeendelea!"

"Na iendelee. Lakini nikiwepo, mama atainamisha uso siku nzima kwa kunistahi. Macho yale si ya kuangalia chini tena. Aende akaone. Mimi samaki nitawaona mwaka mwingine."

Simu ikakohoa. Watoto wakatumbua macho.

"Modesta."

"Abee, mama!"

"Mwambie mkwe wangu nimesikia."

Nkwabi alikwisha kuinuka na kugeukia ukuta, kana kwamba mama mwenyewe ameingia ndani. "Mwambie mama anisamehe," alisema kwa sauti ya chini.

"Mama, anaomba msamaha."

"Mwambie hajakosa. Muulize, hayo matangi ni ya nini?"

"Ya kioo, mama," Modesta alijibu mwenyewe.

"Mtu wa upande huu anamwona wa upande ule?"

"Anamwona."

"Basi. Kwenye boti yeye akae mbele, mimi nyuma, asigeuke. Tukifika, asimame upande wake wa tangi, nami wangu. Samaki watatusitiri." Kisha akaongeza, "Mwambie, kabla macho hayajaniacha, nataka niione hata mara moja sura ya mtu anayenitunzia mwanangu."

Modesta alifungua mdomo aufikishe ujumbe. Katibu wa kamati zote za Igogo alikuwa analia mbele ya wanawe, kanga mdomoni.

"Umemwambia?" mama aliuliza.

Nkwabi, uso bado ukutani, alijibu mwenyewe.

"Nitasimama, mama."