Mke Wangu Aliponyamaza

Siku walipowasha kifaa changu cha kusikia, hospitalini Mbarara, mke wangu alikuwa amekaa kando yangu na mkoba mapajani. Nilikuwa nimekaa kiziwi miaka kumi na minne. Homa ya uti wa mgongo ilinipata nikiwa kijana, muda mfupi baada ya kukimbia kutoka Kivu Kusini, Kongo, na nilipopata nafuu masikio yalikuwa yamekwisha. Yeye ni Mrundi. Tulikutana kwenye kambi ya wakimbizi ya Nakivale miaka mitatu baadaye. Kwa hiyo tulikuwa tumeoana, tumezaa, tumelima pamoja, na sauti yake sikuwa nimewahi kuisikia. Tuliongea kwa midomo na mikono. Jambo likiwa gumu, aliliandika kwa kidole kiganjani mwangu.

Mtaalamu wa vifaa, mama mmoja Mnyankole, alibandika sumaku nyuma ya sikio langu, pale walipokuwa wamenipasua, kisha akabonyeza kompyuta yake.

“Mzee, unasikia?”

Swali nililiona midomoni mwake. Masikioni iliingia kelele tu, kama kijiko kinachokwaruza sufuria.

“Kuna kitu,” nikasema, na sauti yangu mwenyewe ikanishtua.

Akamgeukia mke wangu. “Mama, wewe ongea na yeye. Sema kitu yoyote.”

Mke wangu akatazama mkoba. Akafungua mdomo, akaufunga. Mwishowe akasema jina langu. Kwangu ilikuwa mikwaruzo miwili. Nikatabasamu kwa adabu, naye akaona kwamba ni adabu.

Yule mama akatupa karatasi yenye maneno: maji, mlango, mchele, moto. “Pole pole. Vaa hii kila siku. Mama atakusomea, wewe rudia bila kuangalia mdomo yake.”

Tulikaa siku mbili kwa ndugu wa mke wangu, mtaani Nyamityobora, jirani na karakana ya kuchomelea milango ya chuma. Sikuweza kutulia. Nilitoka uani, nikarudi ndani, nikatoka tena. Sandali zangu zilikuwa na kelele. Kutafuna kulikuwa na kelele. Nilikuwa nageuka kila mara kutafuta kitu kilichosema, nacho kilikuwa mfuko wa plastiki au shati langu mwenyewe.

Nyumbani Nakivale ilikuwa vilevile. Nilikuwa fundi cherehani, na mashine yangu, niliyokuwa nimeizoea kama kitu kinachotetemeka chini ya mikono, sasa ilinipigia kelele mpaka nikaiacha katikati ya mshono. Nilizunguka nyumba nikigonga vitu: ndoo, bati, mlango. Mchana nilipeleka betri za kifaa kuchaji kwenye duka la sola nikasimama pale nikizingoja, ingawa ningeweza kuziacha. Kukaa kulinishinda.

Karatasi ya maneno tuliisoma kila siku baada ya chakula cha mchana. Nilimpa mgongo, naye akasoma. Baada ya majuma kadhaa nilianza kutenganisha maji na mlango. Mkwaruzo ulianza kuwa sauti ya mtu, nyembamba, yenye kukwama kidogo mwishoni. Lakini alisoma karatasi tu. Akimaliza aliikunja na kuondoka. Nyumbani alipita kimya, na kama alitaka chumvi alinionyesha kwa mkono.

Nilidhani amechoka nami. Siku moja nilimuuliza jirani yetu, mama Mkongomani anayekaanga maandazi mbele ya nyumba yake. Akafuta mikono kwanza, akanielekezea uso ili nione midomo.

“Papa, mke wako alikuwa anasemaka mingi. Tangu asubuhi. Weye uko hapo na mashine yako, yeye yuko nyuma yako anachambua maharagi, anakuambia maneno yote. Sisi tulikuwa tunamusikia. Sasa anaendaka kusemea kule ku shamba.”

Nilikwenda shambani siku hiyohiyo. Alikuwa ameinama akipalilia, na kabla sijafika niliisikia sauti, ileile ya karatasi, lakini sasa ilikuwa inakimbia, inapanda, inasita, inaanza tena. Ilikuwa Kirundi. Sikuelewa hata neno. Nilisimama mpaka akainua kichwa.

“Umekuya kusikiliza?” aliuliza.

“Nilikuwa napita.”

“Shamba hii haina fasi ya kupita.”

Nikamwambia alichoniambia jirani. Akakaa juu ya tuta, jembe kando.

“Nilikuwa nakuambia weye,” akasema, polepole, uso wake ukinielekea. “Miaka yote. Mama yangu alipokufa nilikuambia. Nikikukasirikia nakuambia. Uko hapo, mgongo wako uko hapo, na maneno hayaendi popote. Sasa nitaambia nani?”

Nilivua kifaa, nikamwonyesha kikiwa mkononi. Nilitaka kusema kwamba naweza kukivua kila alasiri, aongee apendavyo. Alitikisa kichwa, akanishika kiganja na kuandika, kama zamani: *vaa*. Nilipokirudisha akasema, “Ukiivua sababu yangu, si sawa. Zamani ulikuwa hausikii tu.”

Nikachukua jembe la pili, nikaanza mstari wangu. Kwa siku nyingi tulifanya hivyo, yeye mbele, mimi nyuma, bila karatasi. Alianza na vitu vidogo, vya Kiswahili. Hii imeliwa na wadudu. Jua kali. Mimi nilirudia, naye alinisahihisha bila kugeuka.

Alasiri moja, akiwa amenipa mgongo, alisema jambo refu kuliko yote.

“Ule mwaka mtoto wa pili alizaliwa, nilisema naenda kuuza maharagi. Nilikuwa narudi Burundi. Nilifika mji wa Kabingo, mtoto mgongoni. Nikakaa pale mpaka mchana, nikarudi.”

Nililiona tena gunia alilobeba siku ile, nami nikimsaidia kulifunga. Jembe lake halikusimama.

“Sema tena,” nikamwambia.

Akasema tena, kwa sauti kubwa zaidi, neno kwa neno, akidhani sikushika. Nilikuwa nimesikia yote mara ya kwanza. Nilimuuliza kwa nini alirudi. Akasema alikuwa na njaa, na hakumjua mtu pale Kabingo. Kisha akaniambia niangalie miguu yangu, nakanyaga maharagwe.