Komeo Jipya la Mama Nkwimba

Lango la nyumba tuliyopanga Shinyanga lilikuwa na sauti yake. Lilikwaruza ardhi kama jembe linaloburutwa na mtoto mvivu, likagonga nguzo, kisha likakwama nusu wazi, kwa sababu ulimi wa komeo ulikuwa juu na tundu lake lilikuwa chini. Mama Nkwimba, mwenye nyumba, hakujali. Alikuwa mjane wa Kisukuma, mnene, mcheshi, mwenye sauti ya kuita ng'ombe walio mbali, na lango lake alilifunga kwa kitanzi cha kamba ya katani alichokivalisha nguzoni. Aliyetaka kuingia alikinyanyua akaingia. Kuzunguka ua wote ilipandwa minyaa iliyoshonana kiasi kwamba hata kuku hakupenya, na sisi watoto tulichapwa tukivunja tawi lake, kwa kuwa utomvu wake mweupe hupofusha.

Tulikuwa wageni pale. Baba alitoka Upare kuja kufanya kazi ya ufundi kwenye kinu cha kuchambua pamba, nasi tukamfuata: mama, mimi, Nakiete, niliyekuwa nimeanza shule, na mdogo wangu Elieza aliyekuwa bado ananyonya. Kwetu milimani ukichimbia nguzo leo, mjukuu wako ataikuta palepale. Baba naye alikuwa mtu wa kunyoosha vitu. Picha ikiwa imeinama ukutani kwa jirani, aliinuka kuiweka sawa kabla hajajibu salamu. Lango lile lilimnyima raha. Basi kiangazi kimoja, Mama Nkwimba alipokwenda msibani Songwa, baba alishinda Jumapili nzima langoni na tupa na patasi. Alilinyanyua lango, akatengeneza komeo jipya la chuma lililokaa katika tundu lake kama pete kidoleni, akatoboa mahali pa kupitisha mkono ili hata aliye nje aweze kulivuta, akaitupa kamba. Nilifungua na kufunga mpaka mama akanifokea.

Mama Nkwimba aliporudi alipiga vigelegele. "Baba Nakiete, umenifanya mke wa bwana shauri!" alisema, maana zawadi haikosolewi mbele ya aliyeitoa. Kisha akaipapasa nguzo kwa kiganja. "Ila udongo wetu huu unatembea, baba. Mvua zikija tutaona." Baba akacheka. Alidhani ni utani.

Haukuwa utani. Udongo wa mbuga ni mweusi. Kiangazi hupasuka nyufa za kumeza mguu wa mbuzi, na mvua zikianza hunywa maji ukavimba kama unga uliotiwa hamira. Wiki ile ya mvua za kwanza harufu yake nzito ilijaa mpaka vyumbani, na nguzo ikaanza kusogea. Komeo likabanwa. Mama alilalamika; baba, akirudi jioni na nyuzi za pamba nyweleni, akasema atalilegeza Jumapili. Mama Nkwimba akauliza kwa upole kama angeweza kurudisha kamba yake kwa muda. Baba aliona kama kadharauliwa, akakataa. Wahenga walisema asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Kwetu sisi aliyevunjika alikuwa mkuu mwenyewe.

Kabla Jumapili haijafika Elieza alishikwa na homa. Mama alinikabidhi mtoto akakimbilia zahanati kutafuta dawa, akalivuta lango nyuma yake kwa nguvu. Mvua ikamwagika. Mara Elieza akakaza meno, macho yakageuka, mwili ukaanza kutetemeka. Lilikuwa degedege, ingawa sikulijua jina lake. Nilikimbilia langoni, nikaning'inia kwenye komeo kwa mikono yote miwili nikipiga mayowe. Halikusogea. Mama Nkwimba alikuwa ndiyo kwanza anafika kutoka shambani, akasukuma kwa bega upande wa pili.

"Nakiete! Kuna nini, ng'wanone, mwanangu?"

"Elieza anakufa! Lango halifunguki!"

"Mlaze ubavu! Mlaze ubavu, ninakuja!"

Nikasikia minyaa ikivunjika. Alipita katikati yake kichwa mbele, kanga ikabaki imenasa matawini, utomvu ukamtapakaa usoni na mvua ikaushusha machoni. Alikuja akiwa amefumba macho, akimtafuta mtoto kwa mikono, akamvua nguo, akampoza kwa maji ya mvua huku akimbembeleza kwa Kisukuma. Mama aliporudi na kupitia uwazi uleule, Elieza alikuwa amelegea na analia. Mama alimtazama mwenye nyumba usoni, akapiga magoti matopeni, akafungua kifua, akamkamulia maziwa yake ndani ya macho, kwani hiyo ndiyo dawa ya utomvu iliyojulikana Upare na Usukumani vilevile. Mtoto alikuwa analilia maziwa hayohayo.

Jicho la kulia lilipona. La kushoto likageuka jeupe, likabaki hivyo.

Baba aling'oa komeo kwa nyundo siku ileile. Akaenda kusimama mbele ya Mama Nkwimba, kofia mkononi, akamwomba amhukumu. "Kwa lipi?" alijibu. "Minyaa niliipanda mwenyewe." Baba alitaka tuhame, kwa aibu; Mama Nkwimba akamkatalia, akasema watu watadhani ametufukuza. Naamini angemtukana, baba angelala usingizi. Badala yake alianza kumwita mama yangu, aliyekuwa mdogo kwake kwa miaka mingi, "mama yangu aliyeninyonyesha," na jirani wote wakacheka. Baba hakucheka hata mara moja. Mgeni njoo, mwenyeji apone, husema watu. Sisi tulikuja, mwenyeji akapofuka jicho.

Kilichoniuma zaidi kilikuja baadaye. Elieza alipoanza kutambua sura za watu, alimwogopa Mama Nkwimba. Akiliona jicho lile alipiga kelele na kujificha nyuma ya mama. Mama Nkwimba akajifunza kumjia kwa upande wa kulia, amejifunika kanga upande wa pili.

Siku hizi Elieza ni mzee, ana nyumba Kahama. Nguzo zake ni za zege na lango la chuma hufunga bila kukosea hata unywele. Mtoto akilia ndani, anayepita nje hasikii. Majuzi wajukuu walimwuliza utotoni aliogopa nini. Akasema kulikuwa na kikongwe mmoja Shinyanga mwenye jicho jeupe, naye alikuwa akimkimbia. Wakacheka. Baba, alipokuwa hai, hakutaka mtoto abebeshwe habari ile, lakini siku hiyo sikuvumilia. Nilimwita ndugu yangu kando nikamsimulia yote. Kisha akauliza, "Nilipokuwa namkimbia, alikuwa analia?"

Nikamwambia hapana, alikuwa anacheka. Ilikuwa kweli, na hiyo ndiyo iliyomliza.