Vitundu Katika Kanzu ya Ayoub

Saa tatu asubuhi, uani kwake Kiembe Samaki, Bi Wanu Haroub ametundika kanzu nyeupe kwenye kamba na anaipulizia damu ya mbuzi kwa mrija. Puu! Matone yanarukia kifuani. Anainama na kioo cha kukuzia, anahesabu, anaandika. Kisha anachovya kijiti kwenye kikombe, anakikung'uta mbele ya kanzu ya pili.

"Jirani yangu keshanishitaki kwa sheha wa mtaa," anasema bila kucheka. "Kasema nnaroga."

Ingekuwa uchawi ingekuwa afadhali. Bi Wanu, mwenye miaka arubaini na sita, kazi yake ni kusoma matone ya damu mahali alipofia mtu: tone limetoka juu kiasi gani, kwa kasi gani, kutoka upande upi. Tone linalodondoka lenyewe huwa kubwa, la duara. La pigo huruka dogo dogo. Miaka kumi na saba anaifanya kazi hii. Alhamisi atasimama mahakamani kusema kwamba alisoma vibaya, na kwa kosa hilo kijana wa watu yuko rumande mwezi wa kumi na tisa huu.

Kijana mwenyewe ni Ayoub Msabah, fundi cherehani wa Mji Mkongwe. Ijumaa moja alirudi kutoka msikitini akamkuta ami yake, Mzee Ubwa, aliyekuwa akiishi naye, chini ya ngazi, uso umejaa damu. Akampakata. Mzee akakohoa mara mbili, akakata roho. Ndivyo Ayoub alivyosema tangu siku ya kwanza.

Mzee alizikwa jioni ile ile kama mtu aliyeanguka tu. Maneno yakaanza kesho yake, maana mtaa mzima uliwasikia wawili wale wakigombania nyumba. Bi Wanu alipoitwa na polisi, alikuta harufu ya ubani na chokaa mbichi. Majirani, kwa wema wao, walikwisha osha sakafu na kuupaka ukuta mpaka pale mkono unapofika. Damu ni najisi, na pale ndipo pa kusomea khitma. Utamlaumu nani?

Ilisalia kanzu ya Ayoub, imekunjwa chini ya kitanda. Kifuani mlikuwa na matone zaidi ya mia mbili, madogo kama ufuta.

"Madogo vile, nikasema hili pigo," anaeleza Bi Wanu. "Na mengi katikati yalikuwa na kitundu cheupe, kama pete. Nilikiona! Wallahi nilikiona. Nikasema ni wanga tu."

Kanzu ya Ijumaa hutiwa wanga ikasimama kama karatasi. Bi Wanu mwenyewe huzitia wanga kanzu za mumewe kila wiki na anajua zinavyokataa maji, kwa hivyo hakujiuliza zaidi. Akaandika kwamba mzee kapigwa, na aliyempiga ndiye aliyevaa kanzu ile.

Miezi minne iliyopita mumewe, Hamid, alirudi kutoka kung'olewa jino. Akapiga chafya, damu ikarukia kanzu iliyokuwa imepigwa pasi sasa hivi. Bi Wanu akaisogelea kuifuta. Pete tupu!

"Damu inayotoka na pumzi ina mapovu. Povu likipasuka linaacha kitundu. Damu ya pigo, pumzi itaitoa wapi?"

Tangu siku hiyo kajaribu mara mia na arubaini, kwa kanzu zenye wanga na zisizokuwa nao. Damu ya kijiti haikuacha pete hata moja. Ya pumzi iliziacha kila mara, ila kitambaa kisichotiwa wanga kilizinywa zikapotea. Wanga haukuzifanya pete zile, ulizihifadhi tu.

Mwenzake kazini alimshauri anyamaze, kesi itamalizika yenyewe. "Itamalizikia shingoni mwa Ayoub," alimjibu.

Alhamisi anasimama kizimbani saa mbili nzima. Mawakili wanamhoji, wanamkejeli, mmoja anamuuliza kama leo kaamka na macho mapya. Anasema: "Nilikosea mimi. Alimpakata ami yake, basi." Kabla ya adhuhuri shitaka linaondolewa.

Nje, Ayoub amekonda, shati linamning'inia. Anamwona Bi Wanu.

"Shikamoo, Bi."

"Marahaba, mwanangu. Nisamehe."

Ayoub anauliza: "Mama alikuja kwako?"

Mama yake, Bi Mwanakhamis, kafariki mwezi wa Shaabani, mwanawe akiwa ndani. Bi Wanu angeweza kusema uongo. Hasemi.

"Alikuja. Akaniuliza, mwanangu kaua? Nikamsomea ripoti. Nikamwambia damu haidanganyi."

"Akasemaje?"

"Akafunga buibui lake, akatoka."

"Hakuja tena kunitazama," anasema Ayoub. "Mie nikidhani miguu inamuuma."

Bi Wanu ana mipango: anataka kila ripoti isomwe na watu wawili kabla ya kutiwa saini, na anataka kuzunguka kwa masheha kuwaomba watu wasioshe ukuta mpaka uchunguzi umalizike. Lakini hayo ni ya wiki ijayo. Kesho atampeleka Ayoub Makunduchi, kwenye kaburi la mama yake. Ayoub kamwomba jambo moja tu: aichukue ile ripoti, amsomee mama pale pale, kwa sauti, kisha amwambie wapi alikosea.