Rafiki Yangu Mbele ya Wafadhili

Darasani tulikuwa wawili tuliosomeshwa kwa msaada: mimi kutoka Lindi, mtaani Kibera, Nairobi, na rafiki yangu kutoka mtaa wa Kawangware. Chuo kilikuwa cha kibinafsi, na wenzetu wengi waliletwa na magari ya nyumbani. Sisi karo yetu ililipwa na wafadhili, na kila mchana tulifanya kazi jikoni.

Mimi nilijificha nyuma, kwenye masinki. Yeye aliomba kupakua chakula mbele kabisa, kofia ya plastiki kichwani. "Niaje, umemaliza ile hesabu ya tatu?" alimuuliza mtoto wa tajiri huku akimwekea wali. Jioni watoto haohao wa matajiri walimfuata maktaba awafundishe.

Mwaka wa pili wafadhili walialikwa chakula cha mchana, na mama wa ofisi ya misaada akatuchagua tuzungumze. "Waelezeni mlikotoka," alisema. "Wakiguswa, wengine pia watasaidiwa." Hakuwa mtu mbaya, mlango wake haukukosa foleni ya waombaji.

Nilianza mimi. Nikasema paa letu lilivuja, na kwamba tulizoea kulala njaa. Paa lilivuja kweli. Njaa niliiongeza, baba yangu alikuwa seremala, na ugali haukuwahi kukosekana kwetu. Mama mmoja mgeni akafuta machozi. Nilirudi kitini masikio yakiniwaka kwa aibu.

Kisha rafiki yangu akasimama, akawaeleza hesabu. Hesabu! Alisomea ualimu, naye alikuwa ametoka kufanya mazoezi ya kufundisha katika shule moja ya msingi. Akasimulia jinsi watoto walivyoelewa nusu na robo baada ya yeye kuwapelekea mabaki ya vitambaa, wayakunje na kuyakata wenyewe. Alieleza kwa furaha, mikono ikikata hewa.

Yule mama mgeni akamkatiza. "Lakini nyumbani, mwanangu, mna shida gani?"

"Nyumbani ni Kawangware, mama. Mvua ikinyesha kuna matope mingi, lakini tunaishi vizuri. Mama yangu ni fundi wa nguo. Karibu Jumapili ukunywe chai."

Mama wa ofisi akakohoa. Nikajua msaada wa rafiki yangu umeishia pale.

Jikoni nilimuuliza, "Hukuogopa?"

"Niliogopa sana. Lakini hiyo pesa ni ya kusoma. Hakuna mahali kwa fomu wameandika ati lazima nilie."

Nililala na maneno hayo. Asubuhi nikaenda ofisini, nikakiri kwamba habari ya njaa haikuwa kweli. Mama wa ofisi akanipa karatasi nyeupe. "Andika upya," alisema. Sikufukuzwa.

Na yule mama mgeni alikuja kweli Kawangware Jumapili. Viatu vyake vizuri viliingia matope kabla hajafika mlangoni. Alikunywa vikombe viwili vya chai, akapimwa gauni, akaondoka akicheka na mama wa rafiki yangu. Muhula uliofuata karo ya rafiki yangu ililipwa kama kawaida.

Baadaye mama wa ofisi alianza kupeleka kwa rafiki yangu wanafunzi wapya wa msaada, wale waliokuwa wakitembea wameinamisha vichwa. Niliwakuta nyuma ya jikoni, wamekalia makreti ya soda, yeye akivua kofia yake. Hakuwauliza wametoka wapi. Aliwauliza, "Wewe unasomea nini?" kisha akasubiri jibu, hata likichelewa.