Mwalimu Aliponiuliza Habari za Mwenzangu

Mkuu wa chuo alinipigia simu nikiwa kazini Dar es Salaam, juu ya ngazi, nafunga kamera kwenye ghala la watu. Alisema chuo kinafanya tamasha la teknolojia la wanafunzi, na wangependa mmoja wa majaji awe mtu aliyesoma palepale. Nikasema nitakuja. Nilikubali haraka kwa sababu nilikuwa juu ya ngazi. Ningekuwa nimekaa kitini ningetafuta udhuru, kama nilivyofanya miaka yote.

Mimi ni mtu wa Utende, kisiwani Mafia, na chuo kiko hukohuko. Wazazi wangu walishahamia bara kwa kaka yangu, kwa hiyo hakuna aliyenilalamikia kwamba sirudi Mafia. Lakini sababu ya kutorudi haikuwa hiyo.

Darasa letu la umeme lilikuwa na wasichana wawili tu, mimi na mwenzangu kutoka kisiwa kidogo cha Jibondo. Tulikaa dawati moja, tukalala chumba kimoja, tukagombania mita moja ya kupimia umeme. Yeye alikuwa fundi kuliko mimi, na sisemi hivi kwa sababu ni marehemu. Hata wakati ule nilijua, na iliniuma. Mimi nilikariri michoro. Yeye alikiangalia kitu kibovu kama mtu anavyomwangalia mgonjwa, akakigusa hapa na pale, kisha akasema, "Hapa ndipo panapouma." Na kweli ndipo palipokuwa.

Mwaka wa mwisho tulitengeneza king'ora cha tangi la maji. Kwao maji yalikuwa yakiletwa kwa chombo, na mama yake alijua yamekwisha pale kata inapokwaruza chini ya pipa. King'ora chetu kililia maji yakibaki robo. Kililia vizuri mno. Siku ya kwanza kilimfanya mpishi wa chuo amwage mchuzi.

Mwalimu wetu wa umeme alitutafutia nafasi ya mafunzo kazini huko Dar es Salaam. Ilipatikana moja, akampa mwenzangu. Baba yake akakataa, kwa kuwa posa ilikwishapokewa. Mwenzangu alirudi kutoka kwao siku ya Jumapili, akaweka begi chini, akaniambia, "Nenda wewe."

"Na wewe je?"

"Mimi nitakuwa fundi wa Jibondo. Usinisahau tu."

Sikumsahau, ila nilimwacha. Aliyesahau angalau ana udhuru. Akinipigia, nilimwambia nina kazi, nitampigia jioni. Jioni ikifika nimechoka. Mara ya mwisho alinitumia ujumbe kwamba ana mimba ya pili na miguu inavimba. Nikamjibu, "Pole, pumzika." Hayo ndiyo maneno yangu ya mwisho kwake. Alifariki siku aliyojifungua, na mtoto akamfuata siku ya tatu. Habari nilizipata kwenye kundi la simu la wenzetu wa chuo, katikati ya salamu za Ijumaa. Sikwenda msibani. Niliwaambia watu kwamba kazini wameninyima ruhusa. Sikuwa nimeomba.

Siku ya tamasha uwanja wa chuo ulikuwa na maturubai manne, spika mbili, na nyaya za umeme zilizofukiwa mchangani watu wasijikwae. Palikuwa na mashine ya kutotolea vifaranga, kaushio la mwani lenye feni za umeme wa jua, na programu ya simu inayoonyesha saa za maji kujaa na kupwa. Nilipita na karatasi yangu ya alama, nikiuliza maswali. Vijana walinijibu sauti zikitetemeka. Wasichana walikuwa wengi, wengine wamejipaka hina mikononi kwa ajili ya siku hiyo.

Karibu na adhuhuri akaletwa mwalimu wetu. Kisukari kilikuwa kimemchukua macho. Alikuwa ameishi miaka kwa mwanawe Kilwa akitibiwa, na alikuwa amerudi kisiwani majuzi tu. Mkuu wa chuo alimshika mkono, akamketisha kiti cha mbele. Nilikwenda nikapiga magoti kando yake.

"Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba." Akageuza sikio. "Hebu sema tena."

"Shikamoo, mwalimu."

"Wewe ni binti wa Utende. Yule wa kukariri."

Tukacheka. Akaniuliza kazi, watoto, wazee, nami nikajibu. Halafu akauliza, "Na mwenzio wa Jibondo? Hajambo?"

Swali hilo kwetu lina jibu lake, na ulimi hulitoa kabla moyo haujaulizwa.

"Hajambo, mwalimu."

"Alhamdulillahi!" Uso wake wote ukakunjuka. "Tangu macho yaondoke, kazi yangu ni kuwawaza wanafunzi wangu. Yule ndiye ninayemuwaza zaidi. Nilimfuata baba yake mara mbili kumwombea aende, nikashindwa. Sijui kama alinisamehe."

"Alikusamehe, mwalimu."

"Basi mpigie simu. Nataka nisikie sauti yake."

Nilitoa simu. Sijui kwa nini niliitoa. Jina lake limo hadi leo, sijalifuta. Mwalimu alikuwa amekwisha kunyoosha kiganja apokee, na spika zilikuwa zinaita kundi la tatu lije kuonyesha kazi yake.

"Mwalimu," nikasema, "nimekudanganya. Amefariki. Mwaka wa nne huu."

Kiganja kilibaki wazi hewani, kisha akakifunga taratibu, akakirudisha pajani.

"Inna lillahi wa inna ilayhi raji'un. Alikuwa na nini?"

"Uzazi."

"Ulimzika?"

"Sikwenda."

"Ulikuwa mgonjwa?"

"Sikuwa mgonjwa, mwalimu."

Nilingoja anigombeze. Nilitaka anigombeze. Badala yake akauliza kama mama wa marehemu yu hai, nikasema nasikia yu hai.

"Shughuli ikiisha, nenda Jibondo. Mimi sina macho ya kunifikisha. Mpe pole yangu, na yako pia."

Kisha akaomba arudishwe nyumbani. Hakungoja washindi.

Nilirudi mezani nikamaliza kazi niliyoitiwa. Walioshinda ni wale wa kaushio la mwani. Waliruka, wakakumbatiana, nikawavalisha medali na kutabasamu mbele ya kamera. Picha hizo zipo. Asiyejua ataona jaji mwenye furaha.

Asubuhi yake nilivuka kwenda Jibondo. Mama yake mwenzangu alikuwa barazani, anapepeta mchele. Alinitambua kabla sijajitambulisha, na shikamoo yangu alichelewa kuiitikia. Aliniletea maji kwenye kikombe, akarudi kwenye ungo wake. Nikampa pole ya mwalimu. Badala ya kutoa yangu, nikanywa maji.

"Nilikungoja kwenye arubaini," alisema. "Nikasema labda kakosa chombo. Nikakungoja mwaka. Halafu nikaacha."

"Nisamehe, mama."

Hakusema kwamba amenisamehe. Aliendelea kupepeta, makapi yakaruka yakatuangukia miguuni.

"Mimi sikuwahi kufika hicho chuo," akasema. "Akienda baba yake tu. Mwanangu amekaa huko miaka miwili, na sijui hata alikuwa analala upande gani wa chumba. Niambie."

Nikamwambia. Alilala dirishani. Aliimba kaswida akiunga nyaya, akikosea maneno makusudi ili nimsahihishe. Alimwogopa mjusi lakini hakuogopa umeme. Siku za bamia hakula, alisogeza sahani yake kwangu.

Ungo ukasimama. "Bamia? Hapa alikuwa anakula."

"Kule alikuwa ananipa mimi, mama. Alisema zinamtia kichefuchefu tangu utotoni."

"Mimi nikimpikia kila anaporudi," akasema. "Kila anaporudi, namchumia mwenyewe, nampikia."

Akajifunika uso kwa upindo wa kanga. Kwa habari za kifo hakuwa ametoa chozi mbele yangu. Kwa bamia alilia mpaka mabega yakatikisika. Sikujua nimshike au nimwache. Nilimwondolea ungo mapajani mchele usimwagike.

Alipotulia alipangusa macho. "Na nini kingine," akaniuliza, "alikuwa hakipendi?"

Nikaendelea kumwambia, hadi nahodha alipotuma mtu kuniita kwamba maji yanakupwa.